Dawa ya Asubuhi

Siku ile mjinga alikuwa Asger mwenyewe, na hata leo hamsingizii mtu. Binti yake Vilja, wa miaka mitatu, aliamka mwili ukiwaka kama pasi. Mama wa mtoto, Signe, alikuwa amemuuguza jana yake, na ruhusa ya kazini ya kukaa na mtoto mgonjwa, siku moja tu, ikaishia hapo. Alfajiri alishaondoka kwenda zamu ya wodini. Asger naye alikuwa na kikao ambamo bosi angetaja nani abaki na nani akusanye vitu vyake.

Basi akafanya kile ambacho nusu ya wazazi wa mji wa Aarhus, Denmark, wamekifanya na wote wanakikana. Akamnywesha mtoto dawa ya homa, ile tamu ya stroberi, akamvika suti ya baridi, akangoja paji la uso lipoe. Lilipopoa, akajiona daktari bingwa.

"Mzima huyu?" akauliza Bodil, mlezi wa chekechea.

"Mzima kama ndama," akajibu Asger, mguu mmoja tayari juu ya baiskeli.

Baada ya chakula cha mchana Vilja akalazwa nje ndani ya kigari cha watoto, kama wenzake na kama ilivyo desturi ya huko, blanketi hadi kidevuni, chembe za theluji zikidondoka. Mtoto mzima hulala hivyo akaamka na mashavu mekundu na njaa ya mbwa. Vilja aliamka meno yakigongana, dawa imeshamwishia mwilini.

Bodil akawapigia wazazi. Simu ya Asger ilikuwa kifudifudi mezani, bubu. Ya Signe ilikuwa imefungiwa kabatini hospitalini. Walikutana langoni saa ya kuchukua watoto, giza likiingia. Bodil alikuwa amembeba Vilja, macho ya mtoto yamelegea.

"Ulimpa dawa?" Signe akauliza.

"Kidogo tu."

"Asger! Nashinda nikiwafokea wazazi wa namna hiyo, kumbe nalala na mmoja wao!"

"Si ungebaki wewe, muuguzi?"

"Jana alibaki nani? Leo tulikuwa wawili wodi nzima. Ningemwacha mgonjwa gani, nichagulie!"

"Mimi nimebakizwa, lakini kwa sharti: nisikosekane hata siku moja. Kesho anakaa nani?"

Signe akamgusa Vilja paji la uso.

"Mama yako je?" Asger akauliza.

"Mama yangu bado ameajiriwa, bwana. Umri wa kustaafu serikali inausogeza mbele kila akiukaribia."

Asger akatafuta pa kumwaga hasira yake, akampata Bodil. "Na wewe! Unaona mtu hapokei, unatulia tu? Ungepiga ofisini, wangenitoa kikaoni!"

Bodil akamkabidhi mtoto.

"Nilikuwa natafuta hiyo namba, Asger. Vilja akanishika mkono, akaniambia, 'Usipige. Wako kazini.'"