Kikohozi cha Nyumbani kwa Nasoro

Nasoro, fundi cherehani tuliyekaa naye ua mmoja katika mtaa wetu uitwao Kenya, aliamua kwamba mke wangu ndiye anayemloga mtoto wake.

Mtoto huyo, Zabibu, wa mwaka mmoja, alikuwa akikohoa tangu mvua ziishe. Dawa ya dispensari iliondoa homa, kikohozi kikabaki. Mama yake, Amida, akawa anamleta mchana kwa mke wangu, Wivine. Kwetu alilala vizuri. Akirudi kwao, kifua kinaanza tena.

Siku moja Nasoro akanisimamisha kwenye bomba.

"Kabwe, bibi yako anamufunga mutoto na anamufungua. Kwako hakohoe, kwangu anakohoa. Nani anashika kamba?"

"Sema tena, nikuvunje meno."

"Vunja. Siku ya yenga, bantu bakitoka kanisa, naita bakubwa ba parcelle, ba hii ua yetu. Mutahama."

Hakuwa anatania. Neno kama hilo likishatoka, mwanamke hapati hata wa kumwazima chumvi. Tayari majirani walikuwa wanaficha watoto Wivine akipita.

Nami nikaanza kumchunguza Nasoro. Sherehe ya Chama tawala ilikaribia, kila karani anataka abakosti, suti isiyo na tai. Nasoro alikuwa akipiga pasi ya mkaa chumbani, mlango na dirisha vimefungwa, akihofia mafundi wenzake watachungulia mkato wake. Zabibu alilala chini ya meza. Ukimtembelea unatoka unafuta macho.

Nikamwambia: "Leta pasi yako kwangu. Wivine atakwenda kwa dada yake, upande wa Luano. Fanya kazi kama kwako, mutoto akiwa humo."

"Unanitegea mutego?"

"Ndiyo."

Alikuja na Amida na mtoto, akakagua hata chini ya kitanda. Tukafunga mlango na dirisha, akaanza kunyoosha nguo. Suruali ya pili haijanyooka, Zabibu akakohoa mpaka Amida akamnyakua na kutoka naye. Uani akatulia.

"Pengine bibi yako aliacha kitu humu," Nasoro akasema.

"Aliacha nini, moshi?" Amida akamjibu kutoka nje. "Fundi mujinga!"

Wakubwa wa ua hawakuitwa. Pasi ikahamia uani, kikohozi kikapungua polepole. Lakini Amida alipomleta tena Zabibu, Wivine hakunyoosha mikono.

"Baba yake amulete," alisema. "Mbele ya bantu."

Nasoro alimleta, majirani wakitazama, akamweka mapajani mwa Wivine. Kisha akakaa hapohapo, macho kwenye mikono ya mke wangu, mpaka mtoto aliposinzia.