Hapana Tatu kwa Siku

Kadi ilikuwa ya rangi ya maziwa, kubwa kidogo kuliko karata, na mtahini aliisogeza juu ya meza kwa kidole kimoja. Pembeni pake palikuwa na karatasi tupu, penseli, na kinasa sauti chenye taa nyekundu. "Una dakika moja ya kujitayarisha," aliniambia kwa Kiingereza, "kisha utazungumza kwa dakika mbili." Nikaisoma kadi. Ilinitaka nieleze siku niliyomsemea mtu mwengine: nani, wapi, ilikuwaje, na baadaye nilijisikiaje.

Nilikuwa nimejitayarishia mada arubaini na tatu. Nilikuwa na ya mwalimu niliyempenda, ya mji niliowahi kuutembelea, ya chakula cha kwetu, ya zawadi, ya kitu kilichonipotea. Hii sikuwa nayo. Au tuseme nilikuwa nayo, ila si kwenye daftari.

Ilikuwa mara yangu ya pili kuufanya mtihani ule wa Kiingereza, ambao alama yake ya juu ni tisa. Mara ya kwanza nilipata saba kusoma, saba kusikiliza, sita na nusu kuandika, na kuzungumza nikapata tano na nusu. Chuo cha ng'ambo kilichonikubali kusomea elimu ya bahari kilitaka sita na nusu kila pahala, na ufadhili ulikuwa na mwisho wake, tarehe thelathini Juni. Nikianguka tena, nafasi anapewa mwengine na mimi narudi zangu mapokezi ya hoteli.

Nilipomwonesha Anwar, mwenzangu wa zamu pale hotelini, matokeo yale ya mwanzo, alicheka mpaka akakaa chini. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa hoteli. Tangu nimalize masomo ya chuo Tunguu nilikuwa hotelini Kendwa mwaka wa nne, nasema Kiingereza tangu asubuhi mpaka jioni, mpaka nikawa naota kwacho. "Hawa wamechanganya karatasi, Kheir," alisema Anwar akijifuta machozi. Nikaamini hivyo kwa wiki nzima, na ilikuwa wiki nzuri.

Wiki ya pili nikapanda ngazi za nyumba ya Bi Ulfat, mtaa wa Kiponda. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mwembamba, mwenye miwani anayoivaa kichwani na kuitafuta mezani. Alifundishia ukumbini kwake, juu, penye dirisha linalotazama dirisha la jirani, na alipima muda kwa saa ya jikoni aliyokuwa akipikia keki. Mtu akizungumza yeye hufumba macho. Siku ya kwanza alinisikiliza tu. Siku ya pili akatega saa yake, akafumba macho, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka:

"Wanawake wasisomeshwe. Kazi yao jikoni. Wewe unasemaje?"

"Ni jambo la kufikirisha, madamu," nilimjibu. "Kwa kweli una haki."

Bi Ulfat akafumbua macho. Alianza kwa kucheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. "Miye nimesomesha miaka thalathini na nane," akasema kwa Kiswahili. "Nna watoto wa kike watatu, mmoja daktari. Nnakutukania mama yako mbele ya uso wako, nawe unaniambia nna haki?"

Akaizima saa.

"Kiingereza unacho, mwanangu, tena kizuri. Lakini kimevaa sare."

Alisema kweli, na niliudhika kama anavyoudhika mtu aliyeambiwa kweli. Siku yetu ya kwanza hotelini tulifundishwa kwamba mgeni hakosei. Mgeni akisema jua limechomoza magharibi, wewe mwambie kiti chake kiko tayari upande huo. Ukizoea kazi hiyo unakuwa umeshakubali kabla mtu hajamaliza kusema. Na nyumbani nako hatukuwa tofauti sana. Sisi Waunguja mtu humwambii hapana, unamwambia Inshaallah. Atakualika harusi usiyokusudia kwenda, Inshaallah. Atakuja kuazima ngazi usiyotaka kuitoa, Inshaallah, tutaona. Mtahini katika sehemu ya mwisho ya mtihani anakubishia, anataka akuone unavyosimama na neno lako, na mimi nilikuwa nimepita skuli mbili ambazo zote hazikunifunza kusimama.

Bi Ulfat akanipa kazi ya nyumbani. Kila siku nimletee hapana tatu, za kweli, si za kubuni. Nimweleze kwa Kiingereza nimemkatalia nani, nimekataa nini, na kwa nini. Wiki ya kwanza nilikataa tangawizi iliyooza sokoni Darajani, nikakataa kumshikia Anwar zamu, nikakataa kikombe cha pili cha chai kwa shangazi yangu, ambaye hakunisemesha siku tatu. Niliona naendelea vizuri. Kisha zikaniishia, nikaanza kuzitunga.

Alinikamata siku hiyo hiyo. "Njia ya muongo fupi," aliniambia. "Umemkatalia mtu asiye na jina, pahala pasipo na mlango. Basi hebu niletee ya zamani. Ile iliyokupasa uiseme, usiiseme."

"Sina, Mwalimu."

Akaipapasa miwani mezani, nayo iko kichwani. "Haya," akasema. "Tuendelee na vitenzi."

Nilikuwa nayo. Ilikuwa na jina, tena na mlango. Jina lake Mwanamwema Msabah, mtu wa kijiji cha Fukuchani, msafishaji wa vyumba pale hotelini, makamo ya mama yangu mdogo. Na mlango ulikuwa wa ofisi ya meneja, mwaka wangu wa kwanza kazini. Mgeni mmoja wa kike alikuwa amepotelewa na herini, na Mwanamwema ndiye aliyeingia chumbani mwake asubuhi ile. Meneja hakujua Kiswahili zaidi ya asante. Mwanamwema hakujua Kiingereza zaidi ya salamu. Nikaitwa nikae kati yao.

Meneja akauliza, mgeni amekaa pembeni yake, mimi nikamfikishia Mwanamwema. Yeye alisimama wima na ndoo yake mkononi, wala hakupandisha sauti.

"Mwambie hivi. Miaka sita nnaingia vyumba vya watu, sijachukua hata njiti ya kibiriti. Kama hana imani na miye, na anipekue. Lakini anipekue hapa hapa, mbele ya watu. Na asipoziona, aniombe radhi mbele ya watu hao hao. Mwambie yote, mwanangu, usipunguze."

Nikamgeukia mgeni. "Anasikitika kwa usumbufu, madamu," nilisema. "Yuko tayari kupekuliwa."

Nakumbuka vizuri kwamba sikubabaika. Ilikuwa sentensi safi, ya adabu, na nilijiona nimemwokoa. Mfanyakazi aombwe radhi na mgeni? Maneno yale nilihisi yangemfukuzisha kazi papo hapo. Mgeni akatabasamu. Mwanamwema naye akanitazama, na mimi nikadhani ananishukuru.

Alipekuliwa ndani ya stoo ya mashuka, mlango umefungwa. Hakukutwa na kitu. Hakuombwa radhi na mtu. Mwisho wa mwezi mkataba wake ukaisha, na hawakuuandika mwengine.

Siku ya sita baada ya kupekuliwa, naye bado yuko kazini, ilikuja barua pepe mapokezi. Mgeni alikuwa ameshafika kwao, na herini amezikuta ndani ya kiatu chake cha mazoezi. Mwisho wa barua aliweka kile kikatuni cha kucheka. Nikampelekea meneja. "Mjibu vizuri," akasema. Nikamjibu vizuri. Nilimwandikia kwamba tumefurahi mno kusikia hivyo, na karibu tena. Mwanamwema hakuna aliyemwambia. Nilijiambia si kazi yangu, na kweli haikuwamo katika orodha ya kazi zangu. Fukuchani maneno yalimtangulia kufika. Mtu akitolewa hotelini baada ya kupekuliwa, hakuna anayeuliza mara mbili.

Dakika yangu moja ikaisha. Karatasi ilikuwa tupu bado. Mtahini, mama mmoja mwenye nywele za mvi, akaniashiria nianze.

Nilianza na ndoo. Nikaeleza ofisi, meneja, mgeni, kisha nikafika kwenye maneno ya Mwanamwema, na hapo jambo moja likanishangaza. Yalikuja yote. Njiti ya kibiriti, hapa hapa, watu hao hao, kila neno kwa Kiingereza na pahala pake, bila ya kutafuta. Kumbe nilikuwa nimeshayafasiri zamani, nayabeba tu. Nilimwambia mtahini kwamba niliyafikisha kama yalivyosemwa. Na hadithi ikiwa imeshaniongoza huko, sikurudi nyuma: nilisema mwanamke yule alipekuliwa mbele ya watu, hakukutwa na kitu, na mgeni akamuomba radhi mbele ya watu hao hao. Nilijua nasema uongo wakati nausema. Kuhusu nilivyojisikia baadaye, nilisema nilijisikia vizuri.

"Wako wanaosema," akaniambia mtahini katika sehemu ya mwisho, "kwamba mkalimani mwema huyalainisha maneno ili watu wasigombane. Unakubali?"

"Hapana," nikasema.

Akangoja. Nikampa sababu, moja baada ya nyengine, mpaka akainua mkono kunizuia kwa kuwa wakati umekwisha.

Nilipata saba na nusu. Bi Ulfat alinipikia keki, akaniuliza kadi ilikuwa ya nini, nami nikamweleza yote, pamoja na ule mwisho wa kutunga. Alisikiliza amefumba macho. Kisha akanikatia kipande kikubwa, akakiweka sahanini mbele yangu.

"Mtihani umepasi," akasema. "Uliobaki hausomeshwi hapa."

Ilikuwa imebaki wiki moja na nusu nisafiri. Ningeweza kuondoka zangu. Ijumaa baada ya sala nikenda Fukuchani.

Nilimkuta uani kwake, amekaa juu ya mkeka anasuka ukili. Alikuwa amekonda. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi Mwanamwema."

"Marahaba. Kheir wa mapokezi," akasema, kama vile nilitoka pale jana. "Karibu kitako."

Nikakaa, nikamweleza kwa sauti ya chini: herini, kiatu, barua, na nilivyoijibu. Vidole vyake viliendelea kusuka mpaka nilipotaja kiatu.

"Lini hiyo?"

"Siku ya sita."

Akahesabu moyoni. "Kwa hivyo ulijua nami niko pale pale. Kila siku unaniambia habari za asubuhi, na unajua."

"Ndiyo, mama."

Nilingoja anitukane. Ningefarijika. Badala yake aliuweka ukili chini, akainuka, akaita juu ya ua wa makuti: "Salhiya! Njoo, na hao wenzio waje. Na mwambie Mzee Nahodha hapo barazani aje naye."

Wakaja, watu saba, wengine na mikono ya unga. Salhiya alikuwa wifi yake, na kwa namna alivyosimama mbali nilifahamu kwamba siku nyingi hakuingia ua ule. Mwanamwema akarudi mkekani, akakaa.

"Sema tena," akaniambia. "Kwa sauti."

Niliona aibu, aibu ile ya kutaka ardhi ipasuke. Lakini nilisema. Nilisema mwanamke huyu hakuiba, herini zilionekana kiatuni mwa mwenyewe, na mimi nilijua nikanyamaza miaka mitatu. Nikawaambia na maneno aliyoniagiza siku ile, yote, bila kupunguza, na nilivyoyakata. Kisha nikamuomba radhi mbele yao. Mzee Nahodha akasema La haula, akatazama chini. Salhiya alisogea, akakaa ukingoni mwa mkeka, akaushika ukili uliokwisha kusukwa kama anayetaka kuupima.

Watu walipoanza kutawanyika nikaaga. Nilikuwa nimeshamwambia mambo ya mtihani, kwamba kwa maneno yake ndiyo nimepata kwenda. Akanizuia kwa mkono.

"Hebu niyasikie. Hicho Kiingereza chake."

Nikasimama pale uani nikayasema, tangu miaka sita mpaka watu hao hao. Alisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja, haelewi hata neno moja, na hakuniondolea macho mpaka nilipomaliza.

"Marefu," akasema, akaokota ukili wake. "Siku ile yalikuwa mafupi."