Kiti cha Ubishi

Mdogo wangu alituomba pesa ya kupasuliwa moyo, nasi tukampigia makofi. Naanza na hilo ili asije mtu akanihurumia kabla hajajua.

Tulikuwa wanne, na kila Jumamosi asubuhi tulikutana katika chumba changu cha kushonea, ghorofa ya pili, kati ya vyerehani viwili na rundo la sare za shule. Mwalimu alikuwa amestaafu kufundisha hesabu. Dereva aliendesha lori la tangi la mafuta. Mdogo wangu tulimwita Takwimu, kwa sababu kwa miaka ishirini alizunguka masokoni akiandika bei za vitu kwa ajili ya ofisi ya serikali. Mimi ni fundi wa nguo, na mdomo wangu hauna breki. Tulikuwa na hisa za kampuni moja ya kusambaza mafuta, zimeandikwa kwa jina la kikundi, na hakuna aliyeweza kuuza fungu lake bila kura ya kikao.

Sifa yetu ilikuwa moja: hatukumwamini mtu. Serikali ikitangaza kwamba mfumuko wa bei umeshuka, Mwalimu aliuliza umeshukia kituo gani. Dalali akizisifia hisa fulani, tulijua anazo na anataka kuziuza. Na ili tusidanganyane hata sisi wenyewe, tulikuwa na kiti cha ubishi, kibovu, mguu mmoja umefungwa waya. Tulikikalia kwa zamu, mmoja kila wiki, na aliyekikalia alilazimika kupinga lolote lililopendekezwa, kwa hoja yoyote, ya kweli au ya kutunga. Siku hiyo hapigi kura. Mwaka mmoja Dereva na Mwalimu walinuniana mwezi mzima kwa maneno ya kitini, tukaongeza sheria: yaliyosemwa pale hayafuatwi nje. Dereva aliwahi kulia machozi akidai nyumba yake imeungua. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Jumamosi ile, wanajeshi walikuwa wamezuia meli mbili za mafuta katika mlango wa bahari wa mbali huko, na bei ya mafuta ilipanda kila kukicha. Hisa zetu zikapanda nayo. Takwimu alichelewa. Alifika akihema, akashika mlango.

"Dada, ngazi zako zimeongezeka."

"Ngazi ni zilezile. Kilichoongezeka ni umri wako."

Mwaka ule nilikuwa nimempunguzia suruali kiunoni mara mbili, kwa mikono yangu mwenyewe, na utepe wangu wa kupimia ukaniambia ukweli. Sikuusikiliza. Nilikuwa na shughuli ya kuikosoa serikali.

Dereva alipendekeza tusiuze. "Wale wakubwa hawajamaliza kutunishiana misuli," alisema. "Kule bohari tunapanga foleni toka alfajiri, kila mtu anataka kujaza kabla bei haijapanda tena. Tushikilie hapohapo."

Zamu ya kiti ilikuwa ya Takwimu. Akakaa polepole.

"Tuuze," akasema. "Zote, na leo."

"Haya, mwaga hoja," Mwalimu akamwambia huku akisugua viganja.

Alianza vizuri, kwa mambo ya kazi yake. Alisema ugomvi wa mafuta huisha siku moja tu, watu wakipeana mikono, na bei hudondoka kabla dalali hajapokea simu. Alisema takwimu mpya za serikali zilipimwa kabla nauli hazijapanda, na zikitoka za mwezi ujao watu wataogopa, watakimbilia kuuza. Kisha akaitazama mikono yake.

"Halafu mimi nina shida na pesa yangu. Daktari anasema kuna mlango ndani ya moyo wangu haufungi. Nipasuliwe kabla mwezi haujaisha. Fungu langu linatosha."

Kisha Mwalimu akapiga makofi. "Huyu kamfunika Dereva na nyumba yake!" Dereva akapiga meza kwa kicheko. Nami nikacheka, mimi dada yake wa tumbo moja, nikasema, "Ungeongeza na jeneza, mdogo wangu, tungeuza."

Akatutazama mmoja mmoja. Halafu naye akacheka. Kura zikawa tatu: hatuuzi.

Nilimsindikiza mpaka chini. Swali lilinifika ulimini, lakini nikaikumbuka sheria, na zaidi nikaona haya kuonekana mjinga aliyenaswa na mchezo. Alisimama kidogo pale kwenye ngazi ya mwisho. Sasa najua alikuwa ananingoja niulize. Akaniambia suruali aliyoniachia niipunguze ataipitia Jumanne, akaenda.

Hakuipitia. Siku ya kumi na tisa alianguka sokoni, daftari la bei mkononi, mbele ya meza ya muuza vitunguu.

Msibani watu walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Niliwaka. Nilitaka kuwapigia kelele kwamba hakuficha, alisema mbele ya watu watatu wazima wenye masikio. Wifi yangu alinivuta pembeni. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Aliniambia amewaeleza, wifi," akasema. "Akasema mlipiga kura."

Nililia mpaka sauti ikakauka.

Baada ya wiki tatu tulikutana tena. Meli zilikuwa bado zimezuiwa, serikali ilikuwa imetangaza tena kwamba maisha yameshuka bei, na hisa zetu zilikuwa zimepanda karibu mara mbili. Dereva aliongea akiangalia sakafu. "Nasema tungoje kidogo. Kwa faida ya mjane. Zikizidi kupanda, na watoto watapata zaidi."

Zamu ya kiti ilikuwa yangu. Nikakaa, waya ukanichoma mguu.

"Tuuze," nikasema. "Zote, na leo. Nina shida na pesa yangu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu aliinua mkono wa kuuza, na Dereva akafuata.

Dalali alituuzia Jumatatu, akatupongeza. Alisema ni wachache sana wanaobahatika kuuza kileleni namna ile, tumshukuru Mungu. Fungu la Takwimu peke yake lingetosha kupasua mioyo miwili.

Niliipeleka bahasha mwenyewe, pamoja na suruali niliyoipunguza. Wifi yangu alivipokea kwa mikono yote miwili, akaviweka mapajani, akaniuliza safari hii kura zilikuwa ngapi.