Nyayo Mbichi za Siyad

Asubuhi ya pili ya likizo ya Agosti, Fosia alitoka nje na kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia, akamkuta binti yake Idman amechuchumaa mlangoni pa nyanya yake, anasoma nyayo. Babu yake, Mzee Dekow, alikuwa ameegemea fimbo kando yake.

"Mguu wa kulia umegeukia nje," Idman alisema. "Kidole kidogo hakigusi chini."

"Na kisigino?"

"Kimezama. Alisimama hapa kwa muda."

"Basi umeshamjua abti yako," Dekow akasema.

Abti, yaani mjomba, alikuwa Siyad, kaka yake Fosia. Miaka minne iliyopita watu walishuka kwenye gari lisilo na namba pale bombani, nje kidogo ya Habaswein, wakamchukua akiwa anatawadha. Hakuonekana tena, ila nyayo zake zilikuja nyumbani kila alfajiri. Zilipita zizini, zikawazunguka ngamia, zikasimama mlangoni pa mama yake, Mama Rukiyo, kisha zikarudi zilikotoka. Zilikuwa za miguu mitupu na zina maji, kwa sababu hakupewa nafasi ya kujifuta. Kwa ukame uliokuwapo, mbuzi walizigombania kuziramba, na Mama Rukiyo ilimbidi awafukuze kwa kijiti ili apate japo nusu saa ya kukaa nazo.

Fosia hakuja kukaa na nyayo. Huko Garissa mjini, alikofundisha shule ya msingi, alikuwa amechoka kuulizwa habari za kaka yake na kukosa la kujibu. Alitaka kaburi. Alitaka watu waje wasome dua, wampe mama yake pole, waende zao. Ofisi zote alizokwenda zilimuuliza mwili uko wapi, kana kwamba yeye ndiye aliyeuficha.

Aliyemkera zaidi ni baba yake. Dekow akitazama tu alama za ngamia mchangani alikuambia ni wa nani, ni jicho lipi halioni na kama ana mimba. Walioibiwa mifugo walimfuata kutoka mbali hata Ijara. Lakini nyayo za mwanawe mwenyewe, alisema, humpotea kwenye laga, ule mto mkavu, upepo huzifuta. Miaka minne alisema hivyo, na Mama Rukiyo akaendelea kuwafukuza mbuzi.

Asubuhi ile Fosia alifunga mikate ya anjera kwenye kitambaa, akachukua kidumu cha maji, akatangaza kwamba wanakwenda kumtembeza mtoto porini. Dekow alipendekeza upande wa mashariki, kwenye twiga wengi. Idman naye aliwataka twiga, ila tangu afundishwe kusoma nyayo alikuwa kama mtoto wa darasa la kwanza anayesoma kila kibao njiani. Akazifuata za mjomba wake, na wakubwa wakamfuata yeye. Twiga waliwaona hata hivyo, saba, wakitafuna migunga, na digidigi wawili waliokimbia kabla Idman hajamaliza kuwaonyesha.

Walipofika kwenye laga, Dekow alisimama.

"Hapa ndipo hupotea," alisema.

"Hazijapotea, Awoowe," Idman akamwambia babu yake. "Amekanyaga mawe. Gusa, bado yana maji."

Akavuka. Fosia alimgeukia baba yake, naye mzee akatazama chini. Hasira ilimpanda Fosia, lakini mtoto alikuwa ameshafika ng'ambo, kwa hiyo akavuka pia.

Baada ya mwendo wa saa tatu walitokea kwenye kambi iliyozungushiwa mabati, haina hata kibao. Nje ya lango mlinzi mmoja alikuwa akifagia mchanga kwa tawi la mgunga.

"Mzee Dekow!" akaita. "Si leo ni Jumanne? Wewe huja Alhamisi."

Jina lake lilikuwa Murithi, alitoka Meru, na hakuwa mtu mbaya. Alimpa Idman kopo la kukalia. Akaeleza kwamba wale waliomo ndani hutoka usiku wote arobaini na mmoja, kila mtu na upande wake, na wakisharudi yeye hufagia nyayo zao.

"Kuna mmoja wa Takaba," alisema. "Huyo sijui kama hufika, ni mbali sana. Kuna mwanamke pia. Mimi nilipewa tu ufagio na tochi, nikatia sahihi."

"Kijana yangu bado iko ndani?" Dekow aliuliza.

"Bado, mzee. Ameingia saa mbili kasorobo."

Fosia akataka kumwona mkubwa. Mkubwa alitoka na malapa, mswaki mdomoni, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Hapa hakuna mtu, mwalimu," alisema.

"Na hizi nyayo?"

"Nyayo hatukatai. Lakini mwenye malalamiko aje mwenyewe, na kitambulisho."

Akatema povu mchangani, karibu na alama ya kisigino cha mtu, akarudi ndani. Murithi akaendelea kufagia.

Walikuwa wamepita nusu ya njia ya kurudi Fosia alipomgeukia baba yake.

"Ulijua, Aabo."

"Tangu wiki ya kwanza."

"Ukatuacha miaka minne tukiuliza upepo!"

"Kule hakuna majani wala maji," Dekow alisema. "Kuna wale watu peke yao. Na mimi namjua mama yako."

Jioni Fosia alimweleza mama yake yote: lango, ufagio na yule mwenye mswaki. Dekow alikaa amewapa mgongo. Mama Rukiyo hakulia wala hakumgombeza mumewe. Aliuliza jambo moja.

"Ni mwendo wa saa ngapi?"

"Tatu, Hooyo."

"Kwenda tu?"

"Kwenda tu."

"Saa sita kila siku," Mama Rukiyo alisema, "na mguu ule."

Kwa watu wa kuhama, nyumba ni ya mwanamke. Yeye ndiye huijenga na yeye ndiye huifungua, na mume hana neno hapo. Kulipokucha Mama Rukiyo alikata kamba, akakunja mikeka, akang'oa ile miti iliyopinda na kuipakia juu ya ngamia. Dekow alishika hatamu. Jambo alilolihofia miaka minne, kwamba mkewe angehamia kule, alilitembeza mwenyewe mpaka mwisho.

Nyumba ilisimama kabla ya alasiri, mlango ukitazamana na lango la mabati. Mkubwa alitoka akasema ile ni ardhi ya serikali. Mama Rukiyo, ambaye hajui Kiswahili, aliendelea kufunga kamba. Dekow alikwenda kutafuta maji, akarudi usiku na kidumu kimoja. Mbuzi wanne walikufa wiki hiyo, na mmoja wa ngamia akaacha kutoa maziwa.

Siku ya mwisho ya likizo Fosia aliamka mapema kufunga mizigo. Nyayo zilikuwa zimeshafika. Kutoka langoni mpaka mlangoni zilikuwa hatua kumi na moja, na Idman, aliyezisoma kwanza, alisema kisigino hakikuzama kama zamani, abti hakuchoka. Mama Rukiyo alicheka. Fosia hakuwa amemwona akicheka tangu Siyad achukuliwe, akaingia ndani akalia, kwa sababu sasa alijua kwamba kaburi hataliona na mama yake hatalitaka tena.

Alipotoka, Murithi alikuwa amefika na tawi lake. Alikuwa amefagia tangu langoni, amebakisha hatua mbili za mwisho, na kando ya hizo alikuwa ameketi Mama Rukiyo, ametandika mkeka wake juu ya ncha ya moja. Murithi alisalimu, akangoja, akamgeukia Fosia.

"Mwalimu, mwambie mama ainue mkeka kidogo."

Fosia alitafsiri. Mama Rukiyo akainua mkeka, na Murithi akafagia.