Kodi ya Mlangoni

Mama Chaki alisali huku anafagia: Mungu wangu, mkaguzi wa halmashauri apendezwe, wasitukatie fedha, chumba hiki kisifungwe likizo hii.

Kilikuwa stoo ya zamani nyuma ya shule. Watoto walijifunza humo baada ya masomo, na wakati wa likizo, hadi wazazi watoke kazini. Siku zote kilivuma kama mzinga wa nyuki. Leo alificha mizani ya makopo kabatini na kuwaonya, "Nisisikie hata chafya!" Hata kodi ya mlangoni aliisitisha. Ndiyo ilikuwa desturi yao: anayemfuata mtoto hatoki naye mpaka mtoto amfundishe jambo moja alilojifunza siku hiyo.

Mkaguzi akaja, akakaa nyuma. Watoto walitulia kama maji mtungini. Mwisho akapiga mwayo.

"Wana adabu, mwalimu. Lakini kutulia hata nyumbani wangetulia. Halmashauri inalipia nini hapa?"

Mama Chaki akatupa jicho kabatini.

Ndipo fundi baiskeli akaja kumchukua bintiye, mikono imejaa grisi. Binti akamshika mkono waondoke. Baba akagoma kizingitini.

"Kodi yangu iko wapi?"

"Leo hakuna, baba. Kuna mgeni."

"Mgeni ndiyo nini! Jana nimekula somo la kivuli na jua, leo nilale njaa?"

Watoto wakacheka. Binti akamtazama mwalimu. Nisamehe, Bwana, nimeficha kile kile ulichotupa, aliwaza Mama Chaki.

"Mpe baba haki yake, mwanangu."

Binti akalaza rula juu ya penseli, akaweka kitabu ncha moja. "Sogeza penseli karibu na kitabu. Sasa bonyeza huku kwa kidole."

Kitabu kikainuka. "Alaa! Ndiyo maana mtaimbo mrefu haunichoshi!"

Wazazi wengine wakafika, kila mmoja akidai chake. Chumba kikavuma.

Mkaguzi alichukua mkoba apite. Binti akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mjomba. Hapa hapapitwi bure."

"Marahaba. Haya, nitoze."

Mkaguzi akachuchumaa penye rula, akabonyeza. Akasogeza penseli mwenyewe, akabonyeza tena. Alipoinuka, hakutazama mlango.

"Mwalimu, likizo mnafungua saa ngapi? Nataka kuja na wenzangu wanaogawa fedha. Waje watozwe na wao."

"Asubuhi mapema," alisema Mama Chaki, akaenda kabatini kuitoa mizani.