Konveta ya Bure

Wageni wa matanga walikuwa bado hawajaondoka wote pale Mjimwema, shemeji yangu Odilo akaanza kulizunguka gari la marehemu kaka yake, akilipigapiga mabati kwa kiganja kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani. Nilikuwa nimekaa chini na kaniki yangu, nikamwona. Tangu saa ile nilimchukia, na sitatafuta neno laini zaidi. Anayetaka mjane mpole wa kumsimulia kwa machozi, amtafute mwingine.

Gari lilikuwa la Kimarekani, refu, pua pana. Silvesta, mume wangu, alilipata kwa bwana mmoja wa mashamba ya miti ya miwati aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao Ulaya, maana uhuru ulikuwa unanukia na Wazungu wengine hawakutaka kuungoja. Halikuwa na klachi. Unaweka gia, unakanyaga mafuta, linaondoka lenyewe. Silvesta aliligeuza teksi kati ya Njombe na Makambako, na mimi akanifundisha kuliendesha kwenye barabara ya Mdandu, watu wakiacha majembe kuja kunishangaa. Gari hilo ndilo lililotulisha.

Kisha likagoma. Injini inanguruma, gari halisogei. Silvesta akashusha giaboksi, akailaza juu ya magogo uani, akanionyesha ugonjwa. Kati ya injini na giaboksi kuna dude wanaloliita konveta, kama mabakuli mawili makubwa ya chuma yaliyounganishwa midomo. Ndani limejaa mafuta, na mafuta hayo yakizungushwa kwa nguvu ndiyo yanayofanya kazi ya klachi. Konveta yetu ilikuwa imepasuka shingo. Kabla Silvesta hajapata nyingine, kichomi kilimlaza, hakuamka tena.

Ukoo ukakaa kikao. Neno la mwisho lilikuwa la mzee Lameki, mdogo wake baba mkwe wangu. Odilo, ambaye ni fundi wa magari Makambako, alisimama akasema gari ni la ukoo, mjane ni wa ukoo, na yeye yuko tayari kubeba vyote viwili. Kubeba! Kana kwamba mimi ni gunia la viazi. Mama mkwe wangu, Fidelia, alikuwa amekaa karibu na huyo mwanawe aliyebaki, akiitikia kwa kichwa. Mwanamke yule hakunipenda tangu nilipoingia kwake, nami sikuwahi kumbembeleza.

"Gari tulilihangaikia wawili," nikasema.

"Wewe ulihangaika nini?" Odilo akacheka. "Ulishika taa!"

"Nipeni nafasi nilitengeneze."

Wanaume wakaangua kicheko. Mzee Lameki hakucheka, alinitazama tu kwa uchovu.

"Haya," akasema. "Siku ya kumaliza msiba, baada ya Pasaka, tutakutana hapa. Ukilitembeza bila mkono wa mtu wa ukoo huu, gari ni lako, na wewe mwenyewe ni wako, ukae utakavyo. Mkono wa Odilo ukiingia humo, gari ni la Odilo, na wewe utakwenda kukaa kwa Odilo. Sitaki kesi mbili."

"Nimesikia, baba," nikajibu.

Silvesta alinifundisha kwamba konveta hudanganya macho. Unaweza kuzipanga mbili usione tofauti, mpaka uzipachike. Ni lazima vitu vitatu vikubali: matundu ya bolti upande wa injini, unene wa shingo inayoingia kwenye pampu ya giaboksi, na meno ya ndani yanayoshika shafti. Kimoja kikikataa, umepoteza kazi yako. Basi nilikata pete ya mwanzi nikaikwangua mpaka ikaibana sawasawa ile shingo mbovu. Kipande cha sabuni ya mche nikakikandamiza kwenye ncha ya shafti, meno yakajichora. Matundu ya bolti nikayapiga chapa kwa masizi kwenye kitambaa. Nikafunga vyote, nikapanda lori la Makambako.

Uwanja wa magari mabovu ulikuwa wa mtu aitwaye Festo, nyuma ya maduka ya njia panda. Kibanda cha Odilo kilikuwa ndani ya uwanja huohuo, kwa hiyo nilikwenda nimekunja uso tangu Njombe. Nilikuta gari moja la aina yetu, limepondeka mbele, limezama kwenye majani. Nikaingia chini yake na funguo za Silvesta, nikaifungua giaboksi yake na kuisogeza nyuma kiasi cha kupitisha mkono. Matundu ya injini yalikubaliana na kitambaa changu. Shingo ilikuwa nene, pete ya mwanzi ikakataa kuingia. Meno nayo yalikuwa madogomadogo kuliko ya kwenye sabuni. Nikatoka nimejaa matope na matusi.

Odilo alikuwa amesimama akinisubiri, anatabasamu.

"Kamwene, shemeji," akanisalimu. "Acha kujichafua bure. Yenu hii hapa."

Mezani pake palikuwa na konveta nyingine. Nilijua ananidanganya. Nikaipima kwa hasira ili nimwonyeshe uongo wake mbele ya mafundi wake. Pete ikaingia shingoni ikabana. Meno yakalingana na sabuni, jino kwa jino. Matundu yakakaa juu ya masizi. Nikapima tena, jibu likawa lilelile. Kwa muda mfupi nilifurahi, naona aibu kusema.

Ndipo Odilo akapaza sauti.

"Festo! Njoo ushuhudie. Nampa mke wa kaka yangu konveta. Bure kabisa! Simdai kitu."

Damu ikanipanda kichwani. Mkono wa Odilo, ndani ya gari, mbele ya shahidi. Hakuhitaji kunidanganya hata kidogo; ukweli wake ulitosha kunifunga kamba na kunipeleka kwake.

"Hii konveta ni yako, Festo?" nikauliza.

"Ni ya Odilo," Festo akasema. "Ya kwangu ni lile gari la majanini."

"Basi sitaki."

"Hutaki?" Odilo akageukia mafundi wake. "Mwaona? Gari halitembei kwa kiburi, shemeji. Nitakusubiri. Kitanda nimeshatandika."

Mafundi wakacheka. Ningekuwa na nyundo mkononi, leo ningesimulia habari nyingine. Nikawapa mgongo, nikalitazama gari la majanini. Konveta yake haikuifaa giaboksi yangu. Lakini giaboksi yake mwenyewe iliifaa, zilitoka pamoja kiwandani. Na Silvesta alisema aina hii hubadilishwa shingo na meno tu mwaka hadi mwaka. Mahali giaboksi inapofungwa kwenye injini hawapagusi. Nilikuwa nimehangaika kuitafutia giaboksi yetu mwenzi, kumbe ningeweza kuiacha.

"Festo, nyumbani ninayo giaboksi nzima, ndani haina kasoro. Ichukue. Nipe ya gari hili pamoja na konveta yake."

Tabasamu la Odilo likaisha. "Festo, ukikubali, mimi na wewe basi."

Festo alikuwa amechoshwa na vitisho vya Odilo siku nyingi. "Uwanja ni wangu," akasema, akaenda kuwasha lori lake.

Kazi iliyofuata sikuiweza peke yangu. Nikatafuta ulanzi, pombe ya mianzi, nikaalika majirani kama ninavyoalika watu wa kulima, wote wasio wa ukoo ule. Waliinua giaboksi kwa miti ya miwati huku mimi nimelala chini ya gari, mafuta yakinidondokea machoni. Konveta niliizungusha polepole kwenye shafti mpaka ikazama yote, maana isipozama ukakaza bolti, pampu inavunjika. Jambo moja tu lilinishinda. Festo alipoipakia giaboksi yetu kwenye lori, niliona alama za vidole vya Silvesta kwenye grisi. Nililia kwa sauti, kisha nikamfokea Festo aondoke haraka.

Siku ya kumaliza msiba Odilo alikuja na ng'ombe wa kukokota na mnyororo. Nilipita katikati ya watu bila kumsalimu mtu, nikawasha injini, nikaweka gia. Gari likatulia kidogo, kisha likaondoka, likazunguka uwanja wote mpaka ng'ombe wakarudi nyuma.

"Konveta ni yangu!" Odilo akapiga kelele. "Nilimpa mbele ya Festo!"

Nilikuwa nimemwita Festo makusudi. "Ya Odilo iko mezani kwake Makambako," akasema. "Huyu mama aliikataa. Hiyo ni ya kwangu, tumebadilishana kwa giaboksi ya marehemu."

"Umesikia, mzee?" Odilo akamgeukia Lameki, povu mdomoni. "Ametupa kazi ya mikono ya kaka yangu!"

Alikuwa amenipata pale panapouma.

"Nimeitupa," nikasema. "Na ningetupa na nyumba nisije kwako."

Mzee Lameki akasimama, akajikung'uta nguo. "Gari ni lake, na yeye ni wake. Odilo, fungua ng'ombe wako."

Watu walianza kutawanyika. Mama Fidelia akainuka, akaja moja kwa moja kwenye gari, akahangaika na mlango mpaka ukafunguka, akaketi kando yangu, akitazama mbele.

"Nimepanda gari la mwanangu," akasema. "Usidhani nimekupenda."

"Sijadhani, mama."

"Nipeleke kaburini kwake."

Nikaweka gia. Tulipoingia barabarani akaanza kulia, akanikataza kumtazama, nami nikaitazama barabara.