Sweta la Kompyuta

Nyumbani kwa Mzee Elirehema, kule Moshono, kila kitu kilivaa. Makochi yalivaa, meza ilivaa, redio ilivaa, hata ndoo ya maji ya kunywa ilikuwa na kofia yake nyeupe yenye shanga pembeni. Aliyevivisha ni mkewe, Mama Brenda, mwanamke ambaye mkono wake haukujua kukaa bila sindano ya kufumia, na ambaye aliamini kwamba kitu kikikaa uchi sebuleni, aibu ni ya mwenye nyumba. Basi binti yao Brenda alipowaletea kompyuta kutoka Dar, haikumaliza siku mbili bila nguo. Kioo kikapata kitambaa, kibodi ikapata kitambaa, na lile boksi lenyewe, CPU, lililosimama sakafuni karibu na meza, likapata gauni jepesi lenye matundu.

Gauni halikuwa na ubaya. Ubaya ulikuja miaka baadaye, mwezi wa saba, baridi ya Mlima Meru iliposhuka kupita kawaida na watu wakaanza kulala na soksi. Mama Brenda akalitazama boksi, akalionea huruma. Akafuma sweta la sufu, zito, la rangi ya maziwa, lenye tundu moja tu la kupitishia nyaya.

"Chuma nacho kinasikia baridi," alisema.

Hakuna aliyebisha. Katika nyumba ile, aliyebisha alikunywa chai ya rangi.

Ndani ya boksi hilo kulikuwa na kitabu. Mzee Elirehema, mwalimu mstaafu, alikuwa akiandika habari za ukoo wao wa Machame: nani alimzaa nani, nani alihama, nani aligombea kihamba, shamba la urithi, na ndugu yake mpaka wakaacha kusalimiana. Miaka sita alikuwa akiandika humo. Wazee wanne waliomsimulia walikuwa wameshazikwa, kwa hiyo maneno yao yalibaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya sweta. Desemba ukoo wote ungepanda nyumbani kwa Krismasi, na kitabu kilikuwa kisomwe mbele ya watu.

Wiki ile ile ya sweta, kompyuta ikaanza kuzimika. Mzee anaandika, anafika kwa babu wa tatu, mara kioo kinakuwa cheusi. Taa zinawaka, redio inaimba, kompyuta imelala. Akiiacha saa nzima inaamka, akigusa babu wa tatu inalala tena.

"Huyo babu alikuwa na mambo yake," alisema Mama Brenda. "Mruke."

Hakumruka. Ikabidi atafutwe fundi.

Sasa, kumpata fundi mwaminifu si kazi, ukifuata utaratibu. Humuulizi ametengeneza nini. Unamuuliza kwao ni wapi. Mama Brenda aliuliza baada ya ibada, akarudi na jina la Lucky: kwao Machame, mama yake ni mtu wa maombi, na mwenyewe anaimba besi kwaya ya usharika. Kama anajua kompyuta, hilo halikuulizwa. Lingekuwa kumkosea adabu.

Lucky alikuja Jumanne, akaamkia shikamoo ya kuinama mpaka begi likamtoka begani. Mama Brenda, kwa heshima ya mgeni, akalivua boksi sweta ili fundi alione vizuri. Lucky akawasha. Kompyuta ikawaka, ikaendelea kuwaka, akala maandazi manne inawaka, akamaliza chupa ya chai bado inawaka.

"Unaona?" alisema Lucky. "Hawa ni virusi wazoefu, mzee wangu. Wakimwona fundi wanajificha."

"Kwa hiyo?"

"Hapa dawa ni moja tu. Kupiga windo."

Kupiga windo ni kufuta kilichomo na kuiwekea kompyuta akili mpya. Fundi wa aina ya Lucky hupiga windo kwa kila ugonjwa, kama zahanati isiyo na kitu ila panadoli. Kompyuta nzito, windo. Haina sauti, windo. Imeibiwa, huenda nayo angeipigia windo.

"Na vitu vyangu?" aliuliza Mzee.

"Vitabaki, mzee wangu. Usiwe na wasiwasi. Jumamosi naja kuibeba."

Alipotoka, boksi likavishwa sweta lake, na kabla kuku hawajaingia bandani, kompyuta ikazimika.

Mtu aliyeyaona haya yote alikuwa amesimama kwenye meza ya pasi, hatua mbili tu kutoka kwenye boksi. Ni Resiato, dada wa kazi, aliyemaliza darasa la saba kwao, magharibi ya mlima, na hakuendelea. Alichunga mbuzi miaka mingi, na mbuzi humfundisha mtu kuangalia bila kusema. Jumatano aliangalia. Alhamisi aliangalia. Ijumaa, kompyuta ilipozimika, aliweka pasi chini, akapenyeza mkono ndani ya sweta, akautoa haraka. Kulikuwa na joto kuliko kwenye pasi.

Akaenda jikoni.

"Mama, ile kompyuta si mgonjwa. Inaungua. Jumanne haikuwa na sweta na haikuzimika."

Mama Brenda aliacha kukoroga. "Yaani sweta langu ndilo limeua kompyuta?"

"Sijasema imekufa, Mama."

"Mzee! Njoo umsikie fundi wetu mpya!"

Mzee alisikiliza kwa upole wote wa mtu asiyesikiliza. "Resi, binti yangu, haya mambo yana wasomi wake. Wewe umesomea wapi kompyuta?"

"Sijasomea, Mzee. Nimeishika tu."

Wakacheka, na Resiato akarudi kwenye mashati. Lakini usingizi haukuwa mzuri. Alikuwa amekipangusia vumbi kitabu kile miaka miwili, na mara nyingine Mzee alimsomea vipande akiwa anapiga deki. Mzee mmoja kati ya wale wanne alizikwa Pasaka, na mkate wa safari Resiato ndiye aliyeufunga.

Jumamosi Lucky akaja na boksi la mbao la kubebea, kompyuta ikiwa imetoka kuzimika tena. Akachomoa waya wa kwanza. Resiato akaingia na chai ambayo hakuna aliyeiagiza.

"Samahani, kaka Lucky. Umesema vitu vya Mzee vitabaki. Vitabaki wapi?"

"Ndani."

"Ndani ya nini? Si ndimo unamofuta?"

"Sista, hiyo ni lugha ya kitaalamu. Nikikueleza utaumwa kichwa."

"Nieleze mimi," alisema Mzee. "Panadoli ipo."

Lucky akakohoa. "Inategemea, mzee wangu. Hicho kitabu umekiweka upande gani?"

"Kipo pale mbele. Nikiwasha tu nakiona."

"Aaa. Sasa vile vya mbele huwa vinaondoka. Lakini si unakikumbuka kichwani? Unaandika upya taratibu."

Mzee Elirehema, mtu wa miaka sabini na moja mwenye goti bovu, alishuka sakafuni bila kusaidiwa, akalikumbatia boksi na sweta lake.

"Kaa hapo hapo na huo waya," alisema. Ndipo joto lilipompata kifuani. "Mama Brenda! Hiki kitu mbona kinaunguza?"

Mama Brenda alitazama dari. Resiato, kwa adabu, akatazama chai.

Sweta likavuliwa. Lucky akaondoka amenuna, akisema vijana wa nyumbani hawathaminiwi. Mzee akaandika mpaka jioni, akamvuka babu wa tatu, akamfikia wa tano.

Lakini Resiato hakutulia, maana kilichounguzwa wiki nzima huenda kimebaki na kidonda. Safari hii yeye ndiye aliyeuliza, tena hakuuliza kwao ni wapi. Alimuuliza Agnela, jirani mwenye duka la fotokopi: "Ni fundi gani aliwahi kukwambia kitu chako hakijaharibika?"

Agnela hakufikiri. "Violet, yuko Sekei. Nilimpelekea printa nikilia. Akatoa klipu ya karatasi ndani yake, akanirudishia printa na klipu."

Jumatatu wakaenda, Mzee amepakata boksi kwenye bajaji kama mjukuu. Violet hakusema lolote kuhusu virusi. Aliuliza maswali kumi, na kabla ya kugusa skrubu alinakili kitabu kwenye flashi mbili, akakifungua kwenye mashine nyingine ili Mzee akione kwa macho yake. Ndipo akafungua boksi mbele yao. Ndani, feni ndogo ilikuwa imevaa vumbi na nyuzi za sufu, kama kondoo asiyekatwa manyoya. Akaipuliza, akaifuta kwa brashi, ikazunguka.

"Mlikuwa mnaifunika na nini?"

"Upendo," alisema Mzee.

Sweta sasa limevaliwa na redio. Nayo imeanza kukoroma, lakini hakuna anayesema, kwa sababu ya chai.

Mwezi wa kumi na moja kitabu kikafika ukurasa wa shukrani. Mzee alimwita Resiato aje asikilize. Alimshukuru Mungu. Alimshukuru mkewe mpendwa, kwa kuitunza mashine. Alimshukuru kijana wao Lucky, mtoto wa nyumbani, kwa ushauri wake wa kitaalamu.

"Lucky, Mzee?"

"Ndugu zake watakuwepo, Resi. Nikimwacha, hiyo Krismasi hailiki."

"Sawa, Mzee."

"Kuna mtu nimemsahau?"

Resiato alisimama na kitambaa cha vumbi mkononi, akangoja kidogo, kama anavyongojwa mbuzi aliyepotea, kwamba atajileta mwenyewe. Hakuja.

"Labda feni, Mzee," alisema. "Imefanya kazi sana."

Mzee aliinamisha kichwa, akafikiri kwa haki kabisa, kama mwandishi wa historia anayepima ushahidi. Kisha akaandika feni.